Nyusi Zilizoshuka: Lipi Lawezekana Bila Kisu?

Mtu aliyekwisha kupita miaka arobaini hujitazama katika kioo asubuhi moja akaona kwamba uso wake umebadilika, wala asiweze kusema mara moja ni mahali gani. Ngozi haijakunjamana sana, meno yako mahali pake, nywele nyingi bado ni nyeusi. Lakini macho yanaonekana madogo kuliko yalivyo katika picha ya arusi, na uso una sura ya mtu aliyechoka au aliyeudhika, hata siku ambayo hana ugomvi na mtu yeyote. Aghalabu kilichobadilika ni nyusi. Zimeshuka kidogo, hasa upande wa mikia yake karibu na panja, na ngozi iliyokuwa imekaa juu ya mfupa imeanza kuliegemea jicho.

Jambo hili si dogo kama wanavyodhani wale ambao bado ni vijana. Katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki mtu husema "ndiyo" kwa kuinua nyusi tu, pasipo kufungua kinywa. Kwa nyusi hizo hizo mama humkanya mtoto mbele ya wageni, na askari humwuliza mwenzake swali gwarideni pasipo kuvunja amri ya kunyamaza. Basi nyusi zikishuka, uso husema maneno ambayo mwenyewe hakuyakusudia. Sajini mpole hudhaniwa kuwa mkali. Mke aliyempokea mumewe kwa furaha baada ya miezi sita ya kazi mpakani huulizwa, "Mama Fulani, mbona umenuna?" Naye hakununa.

Wafanya biashara wameijua huzuni hiyo, na hawakukawia. Masokoni na madukani huuzwa chupa za mafuta ya "kupandisha nyusi", vipande vya gundi vya kubandika kwenye panja, na vyombo vidogo vinavyotetemeka ambavyo mtu huambiwa avipitishe usoni kila usiku. Vingi kati ya hivyo hugharimu fedha ambazo zingetosha kununulia watoto viatu vya shule. Kwa hiyo yafaa familia ijue, kabla ya kufungua mkoba, ni lipi lawezekana na ni lipi haliwezekani. Na zaidi ya hayo ijue ni wakati gani unyusi au kope iliyoshuka si habari ya urembo hata kidogo, bali ni ugonjwa unaobisha hodi.

Mwaka 1862 daktari mmoja wa Ufaransa, Guillaume Duchenne, alichapisha kitabu chenye picha za watu ambao aliigusa misuli ya nyuso zao kwa umeme hafifu, msuli mmoja mmoja, ili aone kila mmoja hufanya kazi gani. Miaka kumi baadaye Charles Darwin wa Uingereza alizitumia baadhi ya picha hizo katika kitabu chake kuhusu namna binadamu na wanyama wanavyoonyesha hisia zao. Kwa kazi ya watu kama hao imejulikana kwamba unyusi huvutwa huku na huku kama kamba ya mashindano. Upande wa juu una mvutaji mmoja tu, nao ni msuli mpana wa paji la uso. Upande wa chini wako kadhaa: wale wanaokunja ndita katikati ya nyusi, ule unaoshuka juu ya shina la pua, na ule unaolizunguka jicho zima na kulifumba. Tena yule mvutaji wa juu hafiki barabara hadi kwenye mkia wa unyusi. Ndiyo sababu mkia huanza kushuka kabla ya kichwa chake.

Ujana ukiwapo mashindano huwa sawa kwa sawa. Miaka ikipita, nyuzi zinazoipa ngozi unyumbufu hulegea, mafuta yaliyokuwa chini ya ngozi hupungua, na hata mfupa unaolizunguka tundu la jicho hubadilika umbo. Jua huongeza mwendo wa mambo hayo, na sigara pia. Watu wenye ngozi nyeusi wana kinga kubwa zaidi dhidi ya jua, na kwa hiyo ndita huchelewa kuwafikia. Lakini kuchelewa si kutofika.

Hapo ndipo wengi hufikiri, kwa akili ya kawaida kabisa, kwamba ikiwa msuli wa juu umeshindwa basi ufanyishwe mazoezi kama askari mpya. Askari hasa huipenda hoja hii, kwa kuwa wameiona ikifanya kazi mikononi na miguuni mwao. Walakini msuli wa paji si kama msuli wa mkono. Huo wa mkono umeshikamana na mifupa ncha zote mbili, na ukinenepa mkono huongezeka nguvu. Wa paji haukushikamana na mfupa. Chini umejishikiza katika ngozi ya nyusi, na juu umeungana na utando mgumu unaofunika fuvu. Ukiufanyisha kazi mchana kutwa, huinua nyusi kwa muda ule ule unaokazwa, kisha hulegea nazo hurudi zilipokuwa. Kinachobaki ni mifereji ya paji la uso, ambayo huzidi kuwa mirefu kila mwezi.

Uko uchunguzi mmoja ambao wauzaji hupenda kuutaja. Mwaka 2018 madaktari wa Chuo Kikuu cha Northwestern, mjini Chicago, Marekani, walitangaza matokeo ya mazoezi ya uso waliyowapa wanawake wenye umri wa miaka 40 hadi 65. Walioanza walikuwa 27. Waliofika mwisho wa majuma 20 walikuwa 16. Kwa majuma manane ya kwanza walifanya mazoezi nusu saa kila siku, na baadaye siku moja baada ya nyingine. Madaktari walioonyeshwa picha zao za kabla na za baadaye waliwakadiria kuwa na umri wa miaka 51 hivi hapo mwanzo, na miaka 48 hapo mwisho. Ni habari ya kutia moyo. Lakini sehemu zilizoonekana wazi kuwa zimejaa zaidi ni mashavu, wala si nyusi. Na hapakuwa na kundi jingine la wanawake wasiofanya mazoezi ili walinganishwe nao. Mwenye nafasi ya nusu saa kila siku hatadhurika kwa kuyafanya mashavu yake mazoezi. Anayetaka nyusi ajue kwamba hakuahidiwa nyusi.

Mafuta hayana mengi ya kuelezwa. Mafuta ya nyonyo, ya nazi au ya alizeti huzing'arisha nywele za nyusi na kuzilaza vizuri, nazo zikilala vizuri huonekana nzito na safi. Basi. Hakuna mafuta yanayoingia chini ya ngozi na kuuvuta msuli juu. Ute wa yai ukipakwa panjani hukauka na kuikaza ngozi, na mtu huhisi kweli kwamba amevutwa; lakini ni gamba lililokauka tu, na maji ya kunawa hulichukua lote pamoja na matumaini. Gundi ya kubandika hufanya kazi kwa saa chache, na inaweza kufaa kwa siku ya picha. Ikitumiwa kila siku huichubua ngozi, na ngozi iliyochubuliwa mara kwa mara huacha alama nyeusi.

Kusuka nywele kwa kukaza ni hadithi ya peke yake. Kila mwanamke aliyesukwa siku ya Jumamosi amewahi kuona nyusi zake zimepanda hata macho yakawa kama ya mtu aliyeshtuka. Wapo wanaomwomba msusi akaze zaidi kwa makusudi hayo. Nywele za pembeni, karibu na panja na juu ya masikio, hazivumilii mzigo huo. Kwanza hutokea vipele kwenye mashina yake, kisha nywele hukatika, na mwishowe shina lenyewe hufa na mahali pale hapaoti tena. Hatimaye kinachopanda ni mwanzo wa nywele, na paji la uso linakuwa refu, hali nyusi ziko pale pale. Maumivu wakati wa kusukwa ni taarifa ya mwili, na msusi mwema huisikiliza.

Yasiyowezekana ndiyo hayo. Yanayowezekana hayauzwi kwa chupa, na labda ndiyo sababu hayatangazwi.

Kwa kuwa mvutaji wa juu hawezi kuongezewa nguvu, la busara ni kuwapunguzia kazi wavutaji wa chini. Mtu anayekunja uso mchana kutwa huwafanyisha mazoezi wale wale wanaozishusha nyusi zake. Naye mara nyingi hakunji uso kwa sababu ya hasira, bali kwa sababu ya jua au kwa sababu ya macho. Polisi wa barabarani asimamaye katikati ya njia panda kuanzia asubuhi, mlinzi wa lango, mama anayelima saa sita mchana bila kujifunika, wote hufinya macho maelfu ya mara kwa siku. Kofia yenye ukingo, ikivaliwa ipasavyo wala si kusukumwa kisogoni kwa mapambo, huwasaidia nyusi kuliko chupa yoyote. Miwani ya jua ni nzuri pale ambapo kanuni za kazi huiruhusu. Mwanamke shambani hana kanuni ya kumzuia kuvaa kofia ya ukindu.

Hali kadhalika miwani ya kusomea. Baada ya miaka arobaini lenzi iliyo ndani ya jicho hugeuka kuwa ngumu, na karibu kila mtu, awe msomi au la, huanza kusogeza karatasi mbali ili aione. Sajini anayeandika taarifa za zamu kwa taa hafifu hukunja nyusi, hufinya macho, kisha huinua paji ili afungue macho zaidi. Na jioni kichwa humwuma juu ya macho akadhani ni malaria. Wapo wanaume wanaoona aibu kuvaa miwani mbele ya vijana wao, kana kwamba kusoma kwa shida ni ushujaa. Apimwe macho hospitalini. Miwani ya namna hii si ghali, na ndita za katikati ya nyusi hulegea zenyewe mtu anapoacha kulazimika kuzikunja.

Uvimbe wa asubuhi nao huziongezea kope uzito na kuzifanya nyusi zionekane zimeshuka. Kitambaa kilicholoweshwa maji ya baridi na kuwekwa juu ya macho yaliyofumbwa kwa dakika tano au kumi huupunguza. Mto ulioinuka kidogo na chakula cha usiku kisichozidi chumvi husaidia pia. Walakini ikiwa uso huvimba kila asubuhi na miguu huvimba kila jioni, au mtoto ameamka macho yamevimba na mkojo wake una povu au ni mchache, hilo si jambo la kitambaa. Yaweza kuwa ni ugonjwa wa figo, nao hugunduliwa kwa kupima mkojo, kipimo ambacho zahanati nyingi zinacho.

Sasa kuhusu kuzichonga. Hapa ndipo penye faida kubwa zaidi kwa macho ya watazamaji, na hapa ndipo wengi huharibu. Unyusi huonekana umepanda kwa sababu ya nafasi iliyo wazi kati yake na kope. Kwa hiyo nywele za kuondolewa ni za chini, hasa chini ya mkia, na za juu huachwa kama zilivyo. Anayenyoa za juu huushusha unyusi kwa mkono wake mwenyewe, kisha hulalamika.

Kipimo chake ni chepesi, nacho huhitaji kalamu moja tu ya mtoto wa shule. Kalamu isimamishwe wima kando ya tundu la pua. Inapoukuta unyusi ndipo unyusi unapostahili kuanza. Kisha ilazwe kutoka kando ya pua hiyo hiyo hadi pembe ya nje ya jicho na kuendelea juu. Inapoukuta unyusi tena ndipo mwisho wa mkia. Kilele kikae juu ya ukingo wa nje wa sehemu nyeusi ya jicho, au mbele kidogo ya hapo kuelekea panja. Mkia usishuke chini kuliko kichwa. Kazi ifanyike mchana, karibu na dirisha, baada ya kuoga, ngozi ikiwa laini. Unywele ung'olewe kwa kibano kufuata upande unaolala, mmoja kulia na mmoja kushoto, na baada ya kila michache mwenyewe arudi nyuma hatua mbili na kujitazama. Yule anayemaliza upande mmoja kwanza hujikuta akiukimbiza upande wa pili hata nyusi zote mbili zikaisha.

Zikiisha, hazirudi upesi. Unywele wa unyusi huchukua miezi kukua, na uliong'olewa mwaka hata mwaka mwishowe hauoti kabisa. Wako akina bibi leo ambao katika ujana wao walifuata mtindo wa nyusi nyembamba kama uzi, na hadi sasa huzichora kila asubuhi. Mwanamume naye hapaswi kuona haya kumwambia kinyozi ampunguzie kwa mkasi zile nywele ndefu zinazoning'inia juu ya kope. Ni kazi ya dakika mbili na uso hufunguka.

Katika kambi ambamo wanawake kumi huchongwa nyusi kwenye kibaraza kimoja siku ya mwisho wa mwezi, lazima litajwe suala la wembe. Wembe mmoja haupaswi kupita katika ngozi za watu wawili. Mchubuko usioonekana kwa macho watosha kupitisha virusi vya ugonjwa wa ini na vya UKIMWI. Kila mteja aje na wembe wake, na kibano kioshwe kwa sabuni kisha kichemshwe au kisafishwe kwa spiriti. Uzi wa kung'olea nywele, ule uliotoka Uajemi na Bara Hindi, uwe mpya kwa kila mtu, wala usishikwe kwa meno ya mchongaji.

Wanja hukamilisha kazi. Mistari myepesi ya kalamu, mifupi, ifuatayo nywele zilivyolala, na mkia ukielekezwa panjani badala ya shavuni, humpandisha mtu unyusi kwa macho ya watu wote. Poda iliyo nyepesi kidogo kuliko ngozi, ikipakwa chini ya kilele, huongeza nafasi ile iliyo wazi. Lakini wanja wa jiwe unaosagwa na kuuzwa bila jina la mtengenezaji uepukwe, kwa maana mwingi umekutwa na madini ya risasi, nayo ni sumu inayodhuru akili za watoto. Mama huupaka, hugusa uso wake, kisha humlisha mtoto kwa mkono ule ule. Mbaya zaidi ni desturi ya kuwapaka watoto wachanga wenyewe.

Na mafuta ya kuichubua ngozi ili "macho yafunguke" hayafai kukaribia jicho kamwe. Baadhi yana zebaki, madini ambayo mataifa mengi yalikubaliana kupambana nayo katika Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013. Mengine yana dawa kali za hospitali za aina ya steroidi, zilizotiwa humo kwa siri. Hizo, zikipakwa muda mrefu karibu na macho, huifanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi ya sigara, huleta mtoto wa jicho, na hupandisha mgandamizo ndani ya jicho hata mshipa wa kuonea ukafa. Mtu alitaka nyusi, akapoteza macho.

Wengine husema kwamba sindano si kisu, na kwa hiyo ni njia ya asili. Si ya asili. Sindano hiyo hutiwa sumu ya botulino, kwa kipimo kidogo mno, ili kuwapoozesha wavutaji wa chini. Marekani iliiruhusu kwa ajili ya ndita za katikati ya nyusi mwaka 2002. Hufanya kazi, hilo haliwezi kukanwa, lakini kwa miezi mitatu au minne tu, kisha hulipiwa upya. Na ikichomwa na mkono usiojua, kope yenyewe huanguka kwa majuma kadhaa. Upasuaji nao, kwa watu wenye ngozi nyeusi, una hatari ambayo vitabu vya urembo vya Ulaya huitaja kwa haraka: baadhi yao hupata makovu yanayovimba na kukua kupita kidonda chenyewe. Mwenye kovu la namna hiyo begani au sikioni tangu utotoni, amwambie daktari kabla ya lolote.

Limebaki lile lililo zito zaidi. Hebu afikiriwe mama mmoja mzee aliyekuja kambini kumtembelea mwanawe. Asubuhi ni mchangamfu, macho wazi, anachambua mboga na kusimulia habari za nyumbani. Saa kumi jioni kope zake huanza kushuka. Wakati wa chakula cha usiku huinua kidevu ili aone sahani, na nyama humshinda kutafuna.

"Mama, una usingizi? Nikutandikie ulale?" mkwewe humwuliza.

"Sina usingizi, mwanangu. Macho tu yamekataa kusimama. Ni uzee."

Mwana, kwa upendo, hununua chupa ya mafuta ya kupandisha nyusi. Jirani hushauri aende akaaguliwe. Lakini kope zinazosimama asubuhi na kuanguka jioni, hasa zikifuatana na kuona vitu viwili viwili, uchovu wa kutafuna au sauti inayofifia wakati wa kuzungumza, ni dalili ya ugonjwa ambao huzuia amri ya mshipa wa fahamu isiufikie msuli. Si uzee wala si uchawi. Mwaka 1934 daktari Mary Walker wa London aligundua kwamba dawa fulani ilimfungua mgonjwa wake macho muda mfupi baada ya kuchomwa sindano, na tangu hapo dawa za jamii hiyo zimekuwa zikitumika. Ugonjwa huu ukiachwa waweza kufikia misuli ya kupumulia. Kwa hiyo mama huyo anahitaji hospitali kubwa, wala si chupa, na mwana anayemwambia daktari saa ambazo kope hushuka atakuwa amempa nusu ya jibu.

Namna nyingine ni upande mmoja kuanguka ghafula. Ikiwa nusu nzima ya uso imelegea, unyusi umeshuka, paji halikunjiki na jicho halifumbi, mara nyingi ni kupooza kwa mshipa wa uso wenyewe. Wengi hupona, na dawa husaidia zaidi zikianza kabla ya siku tatu kupita. Wakati huo jicho lisilofumba lilindwe na vumbi na lifunikwe usiku, lisije likakauka na kupata kidonda. Lakini ikiwa mdomo umepinda, mkono umekosa nguvu au maneno hayaeleweki, huku unyusi wa upande huo bado unaweza kuinuliwa, hofu iwe kubwa zaidi, wala isiwe ndogo: huenda ni kiharusi, kwa kuwa paji hupokea amri kutoka pande zote mbili za ubongo. Huyo asingojee asubuhi. Vivyo hivyo mtu ambaye kope moja imeanguka ghafula, mboni yake imepanuka na kichwa kinamwuma vikali.

Askari walioko porini wanayo sababu yao ya kujua habari za kope. Mtu aliyeumwa na nyoka kama fira au koboko huenda asivimbe sana. Dalili ya mapema ni kope zake kuanza kushuka, kisha ulimi kuwa mzito. Mwenzake akiona hivyo ajue kwamba sumu inaelekea kwenye kupumua. Pasikatwe, pasinyonywe, pasifungwe kamba ya kukaza. Alazwe kwa ubavu, kiungo kilichoumwa kitulizwe kwa gongo kama kinavyotulizwa kilichovunjika, naye achukuliwe mahali penye mganga kwa chombo cha kwanza kitakachopatikana.

Pia nyusi zinaweza kupotea badala ya kushuka. Zikianza kupukutika upande wa nje, pamoja na mabaka yasiyohisi kuguswa, ukoma huangaliwa kwanza. Dawa zake hutolewa bure na humponya mtu, na kadiri aendavyo mapema ndivyo vidole na macho yake yanavyosalimika. Zikipukutika pamoja na unene, baridi isiyoisha na uzito wa mwili kutenda kazi, tezi la shingo huwa limepunguza kazi yake, nalo pia lina vidonge.

Mtu mzima ambaye ngozi yake imeshuka hata kuliziba jicho anaweza kujipima nyumbani. Asimame kwenye dari ya mlango akitazama mbele, ainue ngozi ya kope kwa kidole, kisha aiachie. Ikiwa alipoinua aliona sehemu ya juu ya ukuta ambayo kabla hakuiona, basi jambo lake limekwisha kutoka katika urembo, hasa akiwa dereva wa lori au mlinzi wa mnara, na daktari wa macho ndiye wa kumwambia kama kisu kitamfaa.

Kwa mtoto habari ni nyingine kabisa. Mtoto aliyezaliwa na kope moja iliyoshuka, anayeinua unyusi mmoja kila anapotazama kitu na kukiinua kidevu chake kama mwenye majivuno, hafanyi hivyo kwa mchezo. Jicho likizibwa katika miaka ya kwanza, ubongo hujifunza kuliacha, na halitaona vizuri hata likifunguliwa ukubwani. Huyo apelekwe kwa daktari wa macho angali mchanga, hata kama nyanya yake asema ataacha akikua, na daktari akisema kope ipasuliwe na kuinuliwa, wazazi wakubali.